Nina sekondi loa ya takwimu, nisome GRE ama niache? (niko Mombasa, kazi kutwa)

binti_mikindani
Julai 6, saa 4:12 usiku

Assalam aleikum nduzangu, na wasiokuwa waislamu hamjambo nyote. Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya karibu mwaka, leo nimeona nijitoe niulize maana kichwa kimejaa na nyumbani hakuna wa kunieleza.

Nilimaliza digrii ya takwimu 2021 nikatoka na sekondi loa, yaani daraja la pili la chini. Si kwamba nilikuwa sijui kitu, mwaka wa tatu babangu aliugua tukawa twalala hospitali kwa zamu na mimi ndie mkubwa, masomo mawili nikafeli nikayarudia na mengine nikapita kwa kubahatisha tu. Mwaka wa nne nikapata A tano lakini wapi, hesabu ishaharibika. Sasa niko ofisi ya kliaringi huku bandarini Kilindini, naingiza data za makontena kutwa, mshahara ni wa nauli na kusaidia nyumbani. Akiba yangu yote ni 60,000 na iko kwa chama.

Nataka mastas ya biostatistiki, zile takwimu za mambo ya afya, Marekani ama Ulaya sichagui, popote watakaponichukua kwa pesa zao maana zetu hazipo. Sasa GRE, ule mtihani wa kuombea mastas hasa Marekani, ni dola 220, kwa huku ni 28,000 na ushei, yaani karibu nusu ya akiba yangu niitie kwa mtihani wa masaa mawili. Mmoja aniambia GRE ilishakufa, vyuo viliitoa wakati wa korona. Mwengine aniambia mtu wa sekondi loa bila GRE asijisumbue hata kufungua fomu. Nimshike nani?

Na kama ni kusoma, nasoma vipi? Natoka kazini saa kumi na moja na nusu, jam ya Makupa, jam ya Changamwe, nafika saa moja na nusu, nipike, wadogo zangu wana homuwak wanigoja, chumba twalala watatu. Dedilaini nyingi naona ni Disemba kwa hivo nina miezi mitano. Nisaidieni bila kunicheka.

mswahili_baridini
Julai 6, saa 5:50 usiku

Waaleikum salaam dadangu. Hakuna wa kukucheka, mimi hizo 28,000 nilizitupa baharini. Nilifanya GRE nikakesha miezi mitatu, kisha nilipoketi kujaza fomu nikakuta kati ya vyuo sita nilivovitaka, vinne haviulizi kabisa na kimoja kimeandika waziwazi kwamba hata ukituma alama hawaziangalii. Nilishika tama nikakaa hivo hivo mpaka chai ikapoa.

Kwa hivo usianze na kitabu cha GRE, anza na daftari. Chora mistari, andika kozi nane ambazo kweli ungeenda, alafu ingia kwa ukurasa wa idara yenyewe, si ukurasa wa chuo kizima maana chuo chaweza kusema jambo na idara ikasema jengine. Utakutana na maneno ya aina tatu: yahitajika, si lazima, na haipokelewi. Andika mbele ya kila kozi. Ukimaliza hilo daftari litakujibu hilo swali lako kuliko sisi sote humu.

Uingereza vyuo vingi hawana habari na GRE. Chevening lakini, ile skolashipu ya serikali yao, kwako itakuwa ngumu, wao huangalia digrii ya kiwango cha sekondi apa, daraja moja juu ya yako, na wataka masaa 2,800 ya kazi. Uswidi niliko mimi unaomba kozi mpaka nne kwa fomu moja, ada ni kronor 900, dedilaini katikati ya Januari. Wana skolashipu ya serikali kupitia Swedish Institute, Kenya tumo, wataka masaa 3,000 ya kazi na mambo ya uongozi, na hiyo miaka yako ya makontena yahesabika usiidharau.

Kingine ambacho mtu wa takwimu lazima ajue ni Hasselt, Ubelgiji. Wana mastas ya takwimu na sayansi ya data ndani yake kuna biostatistiki, na kuna ufadhili wa VLIR-UOS kwa wanafunzi wa nchi zetu. Iweke namba moja kwa daftari.

EduLinkKaka
Julai 7, saa 1:05 asubuhi

Dada njoo inboksi nikusaidie, twaprosesi Kanada, Poland, Cyprus, bila GRE bila mtihani wa kiingereza wa IELTS, ada nafuu ya kushika nafasi 35,000 tu.

kachri_bateta
Julai 7, saa 1:31 asubuhi

Wewe kaka umerudi tena? Shoga usiingie inboksi ya mtu. Fomu za vyuo zote ziko wazi wajaza mwenyewe, na binamu yangu alimpa mtu wa namna hii pesa ya "kushika nafasi" mpaka leo nafasi yashikwa. Narudi jioni nikuandikie vizuri maana simkubali huyu wa baridini mia kwa mia.

kachri_bateta
Julai 7, saa 3:20 usiku

Haya nimerudi, nimekaa na chai yangu. Niko Marekani mwaka wa pili, mastas ya takwimu, nimetoka Kisauni, na mimi pia ni sekondi loa, ndio maana nimeona nisinyamaze.

Baridini amesema kweli kuhusu daftari, fanya kwanza. Lakini yeye alikuwa na sekondi apa ndio aona GRE ni hasara. Mtu wa sekondi apa transkripti yake, ile karatasi ya alama za chuo, yajisemea. Yetu sisi yasema maneno mabaya tusiyoweza kuyafuta, 2019 imepita haitorudi tuirekebishe. Alama pekee ambayo bado iko mikononi mwako ni hii ya GRE, na kwa kozi ya takwimu wao waangalia sana ile sehemu ya hesabu. Mimi nilipata 165 kwa 170 ya hesabu, na 152 ya kiingereza, na profesa aliyenihoji kwa Zoom jambo la kwanza alisema nimeona alama zako za mwaka wa tatu, na nimeona hii 165, sasa nieleze. Nikamweleza. Basi.

Alafu kuna siri ambayo watu wa skolashipu kubwa kubwa hawaijui. Kule Marekani vyuo vya serikali za majimbo, vile ambavyo huku kwetu hakuna anayevitaja, idara zao za hesabu na takwimu zahitaji watu wa kufundisha masomo ya mwaka wa kwanza na kusahihisha. Wakikupa hiyo kazi ya ufundishaji msaidizi wakulipia ada na wakupa posho ya kila mwezi. Si skolashipu, ni kazi, lakini yakuingiza darasani bila mamako kuuza shamba. Hapo "si lazima" ya GRE isome kwa jicho letu: kwa mwenye fasti klasi si lazima, kwetu mimi na wewe ni lazima.

Sasa kusoma. Mtihani wenyewe tangu Septemba 2023 umefupishwa, ni saa moja na dakika 58. Insha moja dakika 30. Kiingereza sehemu mbili, maswali 12 kwa dakika 18 kisha 15 kwa dakika 23. Hesabu sehemu mbili, maswali 12 kwa dakika 21 kisha 15 kwa dakika 26. Ukifanya vizuri ile sehemu ya kwanza, ya pili yaja ngumu, na hiyo ngumu ndio wataka, ndio yenye alama za juu. Ukikosea hukatwi, kwa hivo hata kama zimebaki sekunde tano jaza tu usiache tupu.

Usinunue kitu bado. Kuna PowerPrep, mitihani miwili ya bure ya wenyewe wanaotunga. Ule wa kwanza ufanye Jumapili hii kabla hujasoma hata ukurasa, ujue wapi wavuja. Wa pili uufiche mpaka wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Watu hufanya yote miwili wiki ya kwanza kwa pupa, mwisho hawana cha kujipimia.

Kuhusu saa za kusoma, usiku usahau. Mimi nilijaribu usiku nikawa nalala na kalamu mkononi. Nikahamia saa kumi na moja alfajiri, ukishaswali usirudi kitandani, saa moja na robo kila siku kabla nyumba haijaamka, na njiani kwenye matatu nasoma maneno tu. Maneno niliyaandika kwa vikaratasi, upande mmoja neno, upande wa pili Kiswahili, si maana ya kamusi. Kiingereza kwa kiingereza hakikai kichwani. *Garrulous*, mwenye maneno mengi, nikaandika jina la jirani yetu, *parsimonious*, bahili, nikaandika ami yangu mmoja (hayuko humu inshallah), *laconic*, wa maneno machache, nikaandika kondakta wa Bamburi. Mpaka leo sijayasahau.

mswahili_baridini
Julai 7, saa 3:58 usiku

Nakubali, hapo kwa alama nilipaharakia. Mimi niliongea kama mwenye sekondi apa.

AmiSaidi
Julai 8, saa 11:40 alfajiri

Mwanangu, mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, na vijana wangu wanne nimewapitisha kwa mtihani huu hapa nyumbani Bondeni, barazani. Hesabu zake ni za kidato cha pili na cha tatu, hakuna kalkulasi. Wewe wa takwimu zitakukera kwa kuwa ni nyepesi, na hapo ndipo wanapokunasa, wanajua utaharakia.

Nikupe mfano. Kilo ya nyanya Kongowea imepandishwa asilimia 20 kisha ikashushwa asilimia 20. Mtu wa digrii ajibu upesi imerudi palepale. Haikurudi. Ilikuwa 100, ikawa 120, asilimia 20 ya 120 ni 24, imeangukia 96.

Na lile swali la kulinganisha, huku wakupa kiasi cha kwanza, huku cha pili, wakuuliza kipi kikubwa. Kwa mfano huku x mara x, huku x. Kijana atia 2 kichwani apata 4, aandika cha kwanza. Tia nusu: nusu mara nusu ni robo, sasa cha pili ndicho kikubwa. Tia 1, vyote sawa. Kwa hivyo jibu ni kwamba haiwezekani kujua. Kila ukiona herufi tupu jaribu sifuri, moja, sehemu, na namba hasi kabla hujaandika chochote. Nawapigia kelele hilo miaka yote na bado hulisahau siku ya mtihani.

Kalkuleta iko kwa skrini, mwambie akae kando. Anayeitegemea huchelewa.

Kila swali ulilokosa liandike kwa daftari lake, na chini yake sababu kwa maneno yako mwenyewe, nilisoma vibaya, niliharakia, sikujua. Baada ya mwezi utaona kosa ni lile lile moja laja kwa nguo tofauti.

fundi_wa_rauta
Julai 8, saa 7:15 mchana

Hajauliza lakini naona ataambiwa mtihani aufanyie nyumbani, kwa hivo wacha nimwambie yangu. Mi nilifanyia nyumbani Majengo. Nikaona mbona niende Nairobi, nauli, kulala, na mtu waweza kufanya kwa laptopu yako. Sheria: uwe peke yako chumbani, mlango umefungwa, hakuna hedifoni, na karatasi ya kawaida huruhusiwi, wataka kiubao cheupe cha kufuta ama karatasi moja ndani ya plastiki. Nikanunua kiubao cha watoto kule mjini. Msimamizi yuko kwa kamera anikuta nimevaa kanzu nimejipanga, aniambia zungusha kamera nione chumba chote, chini ya meza, juu ya kitanda, nikazungusha. Akaona kioo cha kabati. Aniambia kifunike. Nikatoka kwenda kutafuta leso ya mamangu, narudi aniambia mbona umetoka, tuanze upya kuzungusha.

Nilichagua saa nane mchana makusudi nikasema ni katikati ya adhuhuri na alasiri, adhana haitanikuta. Lakini kule kukaguliwa kulichukua dakika 25 sikuwa nimezihesabu. Adhana ya alasiri ikanikuta kwa hesabu ya mwisho, spika ya msikiti iko hatua ishirini kutoka dirishani, msimamizi aniandikia kuna mtu mwengine chumbani anaongea? Namwandikia ni msikiti. Aniandikia mwambie anyamaze. Wallahi. Nikiwa bado nafikiria nimjibu nini stima ikapotea, laptopu ina chaji lakini rauta imekufa, na mimi ndie fundi wa rauta mtaani, imagine. Ikabidi niwaandikie, tukaandikiana wiki mbili, mwisho wakanipangia siku nyengine nikaenda nikafanyia kwa ofisi ya rafiki yangu Nyali kwenye jenereta.

kachri_bateta
Julai 8, saa 7:40 mchana

😂😂 "mwambie anyamaze"

Binti na kwako kuna jengine, zile sheria za nyumbani zasema masikio yaonekane muda wote. Mimi mtu wa hijabu niliposoma hapo nikakata shauri nikaenda kituoni Nairobi. Nilipiga simu kabla nikauliza ukaguzi ukoje, siku hiyo akanikagua mwanamke ndani pembeni, haikuchukua muda.

binti_mikindani
Julai 13, saa 3:05 usiku

Nduzangu sijui niwashukuru vipi. Fundi nimecheka mpaka wadogo zangu wameamka.

Daftari nimechora. Kozi nane: tatu Marekani zimeandika GRE si lazima, moja yahitajika, moja haipokelewi, Hasselt, moja Uswidi, na moja ya Ujerumani ambayo nimeitia kwa sababu nimesikia hakuna ada. PowerPrep ya kwanza nimefanya Jumapili saibakafe ya hapa stejini, nimepata hesabu 154 na kiingereza 146. Kwa hesabu nimeona aibu, mimi wa takwimu! Ami Saidi makosa tisa ni yale yale ya kuharakia, na mawili ni ya x mara x wallahi, nilikuwa nimesoma maneno yako Jumatano.

Sasa tatizo jipya. Wataka barua tatu za mapendekezo. Nimemwendea lekchara wangu wa projekti chuoni, mtu mwema sana, aniambia "andika wewe mwenyewe uniletee nitie sahihi". Mwengine hajibu imeli. Nifanyeje, niandike? Mimi nikijisifu naona haya.

mswahili_baridini
Julai 13, saa 4:30 usiku

Usiandike barua, dadangu. Kwanza siku hizi hakuna karatasi ya kutiwa sahihi, chuo chamtumia yeye linki kwa imeli apakie mwenyewe, na wengi wataka imeli ya chuo si ya Gmail, kwa hivo muulize imeli yake ya kazi yafanya kazi ama ilishakufa. Pili barua ukiandika wewe zote tatu zitakuwa na sauti moja, wasomaji si watoto.

Mpelekee karatasi moja ya kumkumbusha. Uliandika projekti gani, data uliitoa wapi, ulipata shida gani ukaitatua vipi, A zako za mwaka wa nne ni za masomo gani. Yeye ana wanafunzi mia mbili, hakukumbuki, si kwamba hakupendi. Mimi nilipomletea lekchara wangu ile karatasi aliandika barua usiku huo huo, na akakumbuka jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisahau.

Yule asiyejibu imeli mwendee ana kwa ana. Nenda asubuhi, keti nje ya ofisi. Barua ya tatu ichukue kwa bosi wako wa makontena, mtu anayekujua unavyoshika data kila siku ni bora kuliko profesa asiyejua sura yako.

Ujerumani hakuna ada vyuo vingi vya umma, kweli, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg ambapo sisi wa nje twalipa yuro 1,500 kwa muhula. Lakini viza yataka uwe na pesa kwa akaunti iliyofungwa, tangu Septemba 2024 ni yuro 992 kwa kila mwezi, mwaka ni 11,904. Piga kwa shilingi uone, yapita milioni moja na nusu. Bila skolashipu ama mtu wa kukushika mkono hiyo ifute.

kachri_bateta
Julai 14, saa 2:10 asubuhi

Niongeze mawili mbio mbio naenda darasani. Ada za fomu Marekani huwa dola 50 mpaka 90 kila chuo, usilipe kabla hujaandika imeli kwa mratibu wa idara kuomba usamehewe. Sentensi tatu tu, mimi niko Kenya, ada hii ni kiasi fulani cha mshahara wangu, naomba msamaha. Wawili kati ya wanne walinisamehe, na mmoja wao ndie aliyenichukua. IELTS vilevile, uliza kwanza, wengi wakubali barua ya chuo kwamba ulisomeshwa kwa kiingereza.

Na ile habari ya babako kwa insha ya maombi iweke sentensi mbili. Mwaka wa tatu baba aliugua nikauguza, mwaka wa nne nikapata A tano. Nukta. Usilie kule ndani. Kilio chako kikizidi sentensi mbili wanaanza kuona mgonjwa badala ya mwanatakwimu.

AmiSaidi
Julai 14, saa 11:35 alfajiri

154 si aibu mwanangu. Wa kwangu wa pili alianza 149. Endelea na daftari la makosa.

binti_mikindani
Oktoba 9, saa 2:48 usiku

Nimerudi. Mtanisamehe kunyamaza, nilikuwa nahesabu siku.

PowerPrep ya pili nimefanya jana: hesabu 163, kiingereza 151. Saa kumi na moja alfajiri sikukosa ila siku nne, tatu nilikuwa na homa na moja ilikuwa harusi. Wadogo zangu sasa wanajua *laconic* na *obdurate* (mwenye kichwa kigumu), mdogo amemwita mwalimu wake *obdurate* nimeitwa shuleni. Bosi wangu barua ameshapakia, alikuwa wa kwanza, ameniambia ukienda ni nani ataingiza haya makontena alafu akacheka. Lekchara wa projekti pia tayari. Yule wa tatu nilikaa nje ya ofisi yake mara tatu, ya tatu akaniuliza wewe ni nani kila siku hapa, nikampa karatasi, amesema wiki ijayo.

Vyuo viwili vimenisamehe ada ya fomu! Cha tatu kimekataa lakini kwa adabu.

GRE nimelipa ya kituoni Nairobi, Jumamosi ya tarehe 25, saa tatu asubuhi. Fundi nisamehe, nimeogopa stima. Sasa swali la mwisho nisiwachoshe, nipande treni ya usiku ya Ijumaa nifike alfajiri niende moja kwa moja, niokoe pesa ya kulala?

AmiSaidi
Oktoba 9, saa 3:02 usiku

Hapana. Hiyo ya saa nne usiku hufika Syokimau, stesheni ya Nairobi, kama saa tisa na nusu usiku, utakaa stesheni mpaka kupambazuke na macho mekundu, kisha wende ukalinganishe x na x mara x. Panda ya asubuhi siku ya Ijumaa, ukifika kuna kitreni kingine chaungana nacho mpaka stesheni ya mjini. Mchana huo nenda ukione kituo kwa macho yako, mlango ulipo, gari gani yapita hapo. Nina dadangu South C ana chumba, nitaongea naye leo. Paspoti yako jina liwe sawasawa na ulivojiandikisha, herufi kwa herufi. Umeangalia?

binti_mikindani
Oktoba 9, saa 3:09 usiku

Ami paspoti ina "Binti" katikati, kwa fomu ya mtihani sikuandika. Ya rabbi.

fundi_wa_rauta
Oktoba 9, saa 3:10 usiku

Wapigie kesho asubuhi wakifungua tu, usingoje. Hao hubadilisha jina kabla ya siku, baada ya hapo wakurudisha mlangoni na pesa hazirudi. Uwe na namba ya usajili mkononi na picha ya paspoti tayari kwa simu.

binti_mikindani
Oktoba 10, saa 5:26 asubuhi

Wamebadilisha. Nimeongea nao nikiwa chooni kazini ili bosi asisikie, dakika 40, bando lote limeisha. Ami mwambie shangazi naja Ijumaa na mahamri.